Kazi ni majokofu ila ninachokumbuka ni misosi: Mbeya, Iringa na vya njiani

Mimi ni fundi majokofu, na sio haya ya nyumbani ya kuwekea soda, ni yale matangi makubwa ya kupozea maziwa kwenye vituo vya wakulima. Kwahiyo nikisema nasafiri kikazi usifikirie mtu wa semina mwenye tai na chai ya saa nne, mimi nashuka stendi na begi la spana na geji za gesi, nalala gesti ya karibu na kituo cha maziwa, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niko chini ya kompresa. Kwa miaka mingi sasa njia yangu ni hii ya Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Mbeya, Tukuyu mpaka Kyela kule chini. Na mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye nazi, yani kwetu kitu kisipoungwa nazi ni kama hakijapikwa, kwahiyo miaka ya kwanza huku juu nilikua nateseka sana, nakula kwa ajili ya kushiba tu.

Watu wakijua nasafiri huko swali lao ni moja, eti chakula cha Mbeya ni kipi? Wanataka jina moja, maana Zanzibar utaambiwa urojo, Moshi utaambiwa mtori, basi na Mbeya nayo iwe na lake. Aisee Mbeya haiko hivyo. Mbeya mjini ni njia panda, reli ya TAZARA ambayo Wachina walisaidia kuijenga kati ya 1970 na 1975 inapita hapo, barabara ya Tunduma kwenda Zambia inapita hapo, na chakula nacho kinashuka na kupanda kutoka kila upande. Ndizi zinatoka Tukuyu, mchele unatoka Kyela na bonde la Usangu, viazi vinatoka Isongole na Umalila, kahawa inatoka Mbozi, samaki wanatoka ziwa Nyasa. Mjini pale vinakutana tu. Kwahiyo ukikaa hotelini ukasoma menyu utapata chipsi kuku, wali nyama, ugali samaki, menyu ambayo ukiibeba ukaipeleka Singida hakuna atakayeshtuka. Mimi nimeacha zamani kuuliza kuna nini leo, nauliza hiki kimetoka wapi. Ukiuliza hivyo mama lishe anaanza kuongea, na akianza kuongea unakula vizuri, maana mwenyewe atakwambia achana na wali leo kaka, mchele huu wa dukani tu, ila hizi ndizi zimeingia asubuhi.

Tuanze na baridi maana baridi ndio inapika huku. Mbeya mjini iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na mwezi wa sita na wa saba ukiwa mtu wa pwani unavaa kila kitu kilichomo kwenye begi. Sasa kuna jambo nililigundua kwa sababu ya kazi tu, mimi natembea na kipimajoto cha kuchomeka kwa ajili ya maziwa, siku moja Uyole nikiwa nasubiri umeme urudi nikakichomeka kwenye sufuria la mama mmoja lililokua linatokota kabisa, nikasoma nyuzi 94. Nikadhani kipimo kimeharibika, nikajaribu tena, 94. Kumbe ndio fizikia yenyewe, ukipanda juu hewa inakua nyepesi na maji yanachemka kabla ya kufika 100, na hapo ndipo nikaelewa kwanini maharage ya huku yanawekwa jikoni mapema vile na kwanini kande inakaa kwenye moto nusu siku. Mama alinicheka, akasema "fundi, sisi hatupimi, tunabandika jioni moto mdogo, asubuhi yameiva." Na maharage ya kuchemka taratibu namna hiyo yanakua na rojo zito lenyewe bila kuwekewa kitu, kitunguu na chumvi basi. Uyole pale pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimetoa mbegu za maharage zenye jina la Uyole kabisa, kwahiyo ukila maharage Mbeya uko nyumbani kwao. Mimi napenda ya njano, yanaiva upesi kidogo na hayajazi tumbo gesi sana, jambo ambalo kwa mtu anayeshinda ameinama chini ya tangi sio dogo.

Asubuhi ya Mbeya wengi watakupeleka kwenye supu ya kongoro na chapati, ni nzuri, pilipili inakuamsha, ila supu ipo kila mahali bana. Cha huku ni kiazi. Viazi mviringo vya kuchemshwa na maganda yake, unaletewa kwenye sahani ya bati vikitoa moshi, pembeni chumvi na pilipili, na chai ya maziwa. Unamenya kwa vidole huku unajichoma. Kiazi kilichochimbwa juzi kina ladha ambayo kile cha Dar kilichosafiri kilomita zaidi ya 800 ndani ya lumbesa juani hakiwezi kuwa nayo, na ndio hicho hicho, chipsi nyingi mnazokula Dar zinatokea huku. Nikikaa Isongole naagiza viazi hata mchana. Wenyeji wananishangaa, fundi unapewa posho halafu unakula viazi vya kuchemsha.

Barabara ya kutoka Uyole kwenda Kyela kwa maoni yangu ndio menyu halisi ya Mbeya, na haifiki hata kilomita 130. Unaanza juu kwenye viazi na baridi na ukungu, unashuka Kiwira na Tukuyu kwenye chai na migomba na maparachichi, mvua kule inapita milimita 2,000 kwa mwaka kwahiyo kila kitu ni kijani mpaka macho yanapumzika, halafu unazidi kushuka mpaka joto linakurudia na unakuta mpunga, kakao na michikichi, ziwa liko chini kabisa mita chini ya 500. Yani asubuhi umevaa sweta mchana unatafuta kivuli, na kila ukishuka kidogo sahani inabadilika.

Tukuyu ndio nilikofundishwa kula. Kituo cha maziwa kinafanya kazi asubuhi mapema, wakulima wanakuja na ndoo zao, maziwa yanapimwa kwa laktomita kama yameongezwa maji na yanapimwa kwa spiriti kama yameanza kuchacha, yakigandagana kwenye spiriti yanarudishwa. Mwanzoni nilikua nawaonea huruma wanaorudishiwa, mpaka nilipoona yanakoenda. Yanarudi nyumbani, yanawekwa kwenye chombo chenye mfuniko, baada ya siku mbili ni mgando mzito unaokatika kwa kijiko. Mama mmoja pale kituoni, mtu mzima, kila nikifika lazima niamkie shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu kabla sijafungua begi ananiambia "kwanza ukae ule, hilo tangi halikimbii." Ukikataa umemkosea. Siku ya kwanza nilijitetea kwamba kazi ni ya haraka, maziwa ya watu yataharibika, akanijibu kwamba yakiharibika tutayala, keti. Sikua na hoja tena.

Alichokua ameandaa ni mbalaga, ndizi mbichi za kupika. Zinamenywa kwa kisu mikono ikiwa imepakwa mafuta maana utomvu wake ukishika mkononi unaondoka wiki ijayo, zinapangwa kwenye sufuria pamoja na maharage yaliyokwisha kuiva, siku nyingine nyama, zinafunikwa na jani la mgomba juu halafu mfuniko. Jani lile sio urembo, linabana mvuke usitoke na linaachia harufu fulani ya majani mabichi. Zikishaiva hazipondwi, zinabaki vipande laini vyenye mchuzi uliokaukia. Nikasubiri nione nazi au nyanya au kiungo chochote, wapi. Nikaonja nikawa naitafuta nazi mdomoni, halafu kwenye tonge la nne la tano nikaacha kuitafuta, nikaanza kusikia ndizi yenyewe, ina uchachu kwa mbali na utamu wa chini chini ambao kwetu tunaufunika kila siku. Pembeni bakuli la mgando. Nilipomaliza nikasema ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, pale kituoni wote wakacheka, wakaniongeza sahani.

Na parachichi. Tukuyu parachichi sio tunda la kusherehesha sahani, ni mboga. Unapewa ugali au kiazi au mkate, parachichi linakatwa nusu, chumvi kidogo, umemaliza. Sasa hivi wakulima wengi wa Rungwe na Njombe wamepanda Hass kwa ajili ya kuuza nje, lile dogo lenye ngozi ngumu inayogeuka nyeusi likiiva, lina mafuta sana na nyama nzito. Ila uliza wazee watakwambia la kienyeji, kubwa la kijani. Mimi katika ugomvi huo niko upande wa Hass kwa kula na chumvi, na upande wa kienyeji kwa juisi, wasinipige mawe.

Kyela sasa. Mchele wa Kyela kila mtu anaujua kwa jina, na nusu ya huo unaouzwa Dar kwa jina hilo nina mashaka kama umewahi kuiona Kyela hata kwa picha. Nilikua nimeupika nyumbani mara nyingi, na nazi bila shaka. Nilipofika Kyela kwenye kibanda kimoja karibu na soko nikamuomba dada aliyekua anapika aniwekee wali wa nazi, akanitazama usoni akauliza, "kaka, unataka kula nazi au unataka kula mchele?" Nikamwambia basi nipe wa kwako. Akaosha mara moja tu, maji, chumvi, mafuta kijiko, akafunika na kuweka mkaa juu ya mfuniko. Ule mvuke ulipotoka nikaelewa kile kibanda kinavyojaza watu bila bango. Harufu ya mchele mpya, wa msimu huo huo, ukila na nazi unaizika yote. Ni kitu ambacho siwezi kukisema Tanga mbele ya mama yangu ila ndio ukweli. Dada alinipa somo lingine la bure, ukitaka kununua usinuse gunia maana gunia linaweza kunukia kwa kuchanganywa, chukua punje chache utafune, halafu uliza mashine uliyokobolewa na uende mwenyewe ukanunue pale pale. Nimefanya hivyo toka siku hiyo.

Samaki wa kuulizia Kyela na Matema ni mbasa. Ni samaki wa ziwa Nyasa mrefu mwenye rangi ya fedha, anapanda mitoni kutaga wakati wa mvua na ndipo anapopatikana zaidi, wavuvi wenyewe wanalalamika kwamba amepungua sana. Anachomwa au anapikwa mchuzi, mifupa ni mingi kwahiyo usimle huku unaongea na simu. Akikosekana kuna dagaa wa Nyasa, watamu kuliko wa Ziwa Victoria kwa ulimi wangu, wakikaangwa wakavu na ndimu. Na kama ni msimu wa kakao muombe mkulima akupasulie tunda moja, zile mbegu zimezungukwa na ute mweupe mtamu wenye uchachu, unafyonza unatema mbegu. Watu wengi wanakula chokoleti maisha yao yote na hawajawahi kufyonza hiyo kitu.

Njombe nitaipita haraka maana nikifika kule huwa naona baridi kuliko chakula. Viazi tena, na pichisi na matofaa ya huko huko kwenye msimu, na chai. Chai ya Njombe ukiinywa kwenye baridi ya saa moja asubuhi hutaki mazungumzo.

Iringa ni habari nyingine. Mji wenyewe uko juu ya kilima, basi nyingi zinakushusha chini barabarani halafu unapanda na bajaji. Ukitaka kula Iringa nenda sokoni kati kabla ya saa saba mchana, salimia kwa Kihehe, kamwene, utajibiwa kwa furaha hata kama wanajua umeishia hapo hapo. Saa nane mama lishe wazuri wamemaliza wanaosha sufuria, na hili ni kosa la wasafiri wengi wa kikazi, kikao kinaisha saa tisa halafu wanalalamika Iringa haina chakula. Sahani ya Iringa kwangu ni ugali mgumu, wa dona kama upo, na mboga za majani, mnafu, majani ya maboga, chainizi, zimeungwa karanga. Hapo ndipo nilipopata pa kushikilia, karanga huku inafanya kazi inayofanywa na nazi kwetu, inatuliza uchungu wa mnafu na inaifanya mboga iwe nzito. Inatwangwa mbichi, sio ya kukaanga, na inapikwa moto mdogo muda mrefu mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Pembeni omba samaki wa Mtera, wanatoka kwenye lile bwawa la umeme njia ya Dodoma, perege wa kukaanga au kambale aliyekaushwa kwa moshi. Kambale wa moshi ndani ya mchuzi wa karanga, hapo sina la kuongeza.

Halafu kuna vitu vya Iringa ambavyo kalenda yako ya kazi ndio inaamua. Mvua zikishaanza, kama Disemba mpaka Machi, barabara ya kuelekea Mafinga utakuta watoto na akina mama wamepanga uyoga wa porini kwenye ndoo na masinia, mwingine mkubwa kama sahani. Nunua kwa mtu mzima anayekaa pale pale kila siku, usiokote mwenyewe porini hata kama unafanana, uyoga unaua. Huo uyoga upeleke kwa mama lishe wako akupikie, nyanya na karanga kidogo, ni nyama kabisa.

Na ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Huu ni wa wakati wa mvua, mianzi ikichipua ndio inagemwa, ncha ya chipukizi inakatwa kwa kisu kikali na kuning'inizwa kibuyu cha mwanzi kinachoitwa mbeta, mgemaji anapita asubuhi na jioni kukata tena ule upande uliokauka ili utomvu uendelee kushuka. Wa asubuhi ni mtamu mwepesi, huo ndio mtogwa, mimi sio mtu wa pombe lakini huo nimekunywa kikombe kizima na nikarudi kazini. Ila haugojei mtu, unachachuka wenyewe bila kuwekewa chochote, kufika jioni ni kitu kingine na ukilala unaitwa mkangafu. Kijana niliyekua nafanya naye kazi upande wa Kilolo alisema ni maji ya mianzi tu haya, akanywa mkangafu kama mtu aliyetoka shambani, kesho yake spana namba 13 alinipa nyundo. Muulize muuzaji umegemwa saa ngapi, sio umegemwa wapi. Hapo ndio mahali pekee ambapo swali langu la kawaida halifanyi kazi.

Vya kubeba sasa, maana safari ya kikazi bila kurudi na kitu nyumbani hawakuelewi. Nunua ukiwa unarudi, sio unaenda, na nunua kwa mpangilio wa barabara. Mchele toka Kyela, au ukishindwa kabisa kufika huko basi Chimala na Igurusi, ule wa Usangu ni mzuri na bei inaongeleka. Ndizi na maparachichi chukua Kiwira au Uyole, parachichi gumu kabisa, lililolainika halifiki. Makambako basi likisimama wanakuja dirishani na mahindi ya kuchemsha, viazi na kuku, mahindi nanunua, kuku wa dirishani simgusi hata aniangalie kwa huruma, sijui ameamka lini. Ilula ndio nyanya, zimepangwa barabarani kwenye ndoo na matenga, chagua zenye kijani kidogo mabegani. Vitunguu usinunue hapo, subiri ushuke Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, kule ndio kwao.

Ndizi ndio zenye shida. Mkungu mmoja wa Tukuyu kondakta anautazama kama abiria, atataka nauli, na ukimwambia ni chakula cha watoto atakwambia hata yeye ana watoto. Mnaelewana kabla haujaingia kwenye buti, maana ukishaingia bei ni yake. Mimi siku hizi naukata vichane nafungasha kwenye maboksi mawili ya spea, nayaandika VIFAA VYA KAMPUNI, na mpaka Dar hakuna aliyewahi kuniuliza vifaa gani vinatoa utomvu.